Dawa ya Maji Katika Pipa la Samaki

Waheshimiwa marafiki, salaam. Naandika kuomba uamuzi wa haraka.

Leo nimetoa nusu ya maji machafu katika tangi la kioo ninamofugia samaki wa baharini na matumbawe. Nilipoinamisha ndoo ya maji mapya niliyoyateka pipani, nikasikia harufu ya dawa.

Nikasita.

Mama mkwe, mgeni wetu hapa Tassia, akatabasamu.

"Baba Wanja, hayo maji yamekaa kwa pipa sana. Nimeyatia dawa, msiumwe na tumbo. Lakini ni nani aliyatia chumvi?"

Chumvi niliichanganya mimi, kwa ajili ya samaki. Dawa hiyo huwaua.

Mfereji umekauka tangu juzi. Mama bado amesimama kando yangu, akingoja shukrani.

Je, niyamwage maji hayo nje mbele yake? Naomba mwamue.