Dada Alikuwa Amelala, Picha Ikakataa

Klak!

Kimya cha sekunde nzima. Kisha klak nyingine.

Ndivyo inavyolia kamera yangu. Nilimpiga picha dada yangu akiwa amelala fofofo kwenye kiti. Picha ilipotoka, alikuwa amenikodolea macho.

Usicheke. Ngoja.

Nasomea upigaji picha. Kamera yangu ni ya filamu, ya mtumba, ya bei ya mwanafunzi. Haina betri wala otomatiki. Mwanga, kasi, umbali, vyote unapanga kwa mkono.

"Hiyo kamera au tofali?" wenzangu walinikejeli.

"Tofali. Sogea nikujengee adabu."

Moto wote huo, lakini picha ya mtihani ilinishinda. Mwalimu alitaka mtu wa nyumbani. Nyumbani nina dada tu, aliyenilea, ambaye kutwa anapiga pasi mashuka ya hospitali. Nikamwambia atabasamu, nikampiga picha.

Mwalimu akairudisha. "Nimeomba mtu, umeniletea meno. Kesho lete nyingine, ama urudie mwaka."

Jioni dada aliingia, akakaa kitini bila kuvua viatu, kichwa kikaanguka pembeni. Nikaiweka kamera juu ya ndoo iliyopinduliwa. Taa yetu ni hafifu, nikapanga kamera ibaki wazi sekunde moja. Nikabonyeza.

Sasa, kamera hizi zina kioo ndani. Ukibonyeza kinanyanyuka, nawe huoni kitu mpaka kishuke. Sekunde ile ile ya picha, mpiga picha ni kipofu. Kioo kiliposhuka, dada alikuwa bado amefumba macho.

Kesho yake chuoni, chumba cha giza cha kusafishia picha, karatasi ndani ya dawa. Kikaja kiti. Vikaja viatu. Yakaja macho ya dada, wazi, mazito, yananitazama mimi.

Nikainama karibu zaidi.

"Huyu sasa ni mtu," mwalimu alisema nyuma yangu.

Sikuikabidhi. Macho yale hayakuwa mali yangu. Nilikimbia nayo ikiwa bado mbichi, hadi kazini kwa dada.

"Dada, kumbe ulikuwa macho?"

"Dude lako lile lingeamsha hata maiti."

"Mbona ulifumba tena?"

Hakuiacha pasi. "Ungeniambia nicheke, mdogo wangu. Sikuwa na nguvu ya kucheka."

Kiburi chote kikanitoka.

Akaitazama picha kwa muda mrefu. "Kumbe ndivyo nilivyo. Haya, ipeleke. Usirudie mwaka kwa ajili ya sura yangu."

Jamani, mtu akiwa amechoka mbele yenu, msimdai tena tabasamu.

"Dada," nilisema kwa sauti, mvuke wa pasi ukitufunika wote wawili, "kuanzia leo ukirudi umechoka, wewe choka. Sitakuomba sura nyingine."