Hasi Tatu ya Mama Mizizi

Shuleni walimwita Mama Mizizi, na si kwamba aliuza dawa. Alifundisha hesabu za kidato cha juu, na miaka nenda miaka rudi wimbo wake ulikuwa mmoja: ukitaka jumla ya mizizi ya polinomia, au jumla ya vipeo vyake, usihangaike kuichimba mizizi yenyewe. Zisome namba zinazotangulia x, zitakwambia. Wanafunzi walimwigiza mpaka ile sauti yake ya puani, naye akijua.

Mwaka huo, kwa mara ya kwanza, alipewa kutunga mtihani wa majaribio wa shule zote za wilaya. Alifurahi mpaka akashona gauni. Basi asubuhi ya mtihani, watahiniwa wameshaanza kuandika, mwalimu wa fizikia akaja na karatasi mkononi, uso umemshuka. Swali la tatu ni bovu, alisema. Polinomia ni x³ − x² + 2x − 5, na wanatakiwa watafute jumla ya vipeo vya pili vya mizizi, yaani kila mzizi uzidishwe wenyewe kisha majibu yajumlishwe. Jumla ya mizizi ni moja. Ukiizidisha miwili miwili na kujumlisha unapata mbili. Kwa hiyo jumla ya vipeo vya pili ni moja toa mara mbili ya hiyo mbili, yaani hasi tatu.

"Dada, namba ukiizidisha yenyewe inakuwaje hasi?"

Mama Mizizi akashika kalamu. Kweli jamani, inakuwaje? Akapiga hesabu upya, hasi tatu. Akabadili kalamu, hasi tatu ileile. Wakampelekea habari mkuu wa shule. Hakugomba, na hilo ndilo lililomuuma zaidi Mama Mizizi. Alisema tu swali lifutwe, yeye atazipigia simu shule nyingine, na mwakani atafutwe mtungaji mwingine. Ujana wote umeishia ubaoni, halafu jina liharibike kabla ya chai ya saa nne!

Akaingia ukumbini na chaki. Akaandika ubaoni "Swali la 3". Neno "limefutwa" ndilo lililokuwa likifuata. Nyuma yake, katika kimya kile, mtahiniwa mmoja akageuza karatasi.

Mkono ukamganda hewani. Ukurasa wa pili!

Swali lilikuwa linaendelea nyuma. Kipengele cha pili alikitunga mwenyewe, woga ukamsahaulisha: kwa kutumia jibu lako, eleza kwa nini si mizizi yote iliyo namba halisi. Kumbe hasi tatu ndiyo ushahidi wenyewe! Mzizi mmoja tu ni halisi. Ile miwili mingine ni namba changamano, zisizo halisi, na vipeo vyake vya pili vikijumlishwa vinaweza kuangukia kwenye hasi bila kumwomba mtu ruhusa.

Machozi yakamtoka palepale mbele ya watahiniwa, wala hakujali. Akafuta ubao, akatoka mbio, akamgeuzia karatasi mwalimu wa fizikia aliyekuwa akingoja mlangoni. Jamaa akasoma, akajikuna shingo, akasema haraka haraka haina baraka. Haraka ya nani, hakusema.

"Usijali, kaka," akamwambia. "Hata mimi niliyetunga sikugeuza."

Mkuu wa shule walimkuta ndiyo kwanza anatafuta miwani apige simu. Akasikiliza, akairudisha simu mezani.

"Mwakani utatunga wewe," akasema. "Ila chini uandike 'Geuza ukurasa', kwa herufi kubwa."