Papa wa Mbio za Pikipiki

Juzi kwenye basi kutoka kituo cha treni cha Gare du Midi, papa mmoja, mzee mwenye tope hadi kwenye kofia, alikuwa akimlalamikia mkewe. Walitoka kutazama mbio za pikipiki zisizo na breki, zile za kuzunguka uwanja wa udongo.

"Timu wameibadilisha yote, simjui hata mmoja. Na ile njia, mashimo matupu. Bon, wamesimamisha mbio katikati. Ni shamba la mihogo, ile?"

Mkewe alikuwa akimbandua tope kwenye kola. Nikamuuliza, "Maman, unamvumilia namna gani?"

"Wakati alikuwa hospitali, kila kitu alisema ni sawa tu. Nikajua anakufa. Acha alalamike."

Nilipofika nyumbani, mume wangu akaniambia mboga haina chumvi. Nikamshukuru Mungu, kisha nikamwonyesha kopo la chumvi lilipo.