Jiwe la Msalaba la Al Qabil

Siku yangu ya kwanza kazini, mkuu wa wapima ardhi wa Ibra, huku Omani, alinikabidhi fimbo ya rangi nyekundu na nyeupe, akaniambia nikasimame nayo jangwani. Nikasimama mpaka adhuhuri. Nilikuwa nimetoka Unguja miezi michache tu, Kiarabu changu cha chuoni na cha sala, na watu wa huku wakizungumza nashika neno moja katika matatu.

Nyinyi vijana mnapima kwa setilaiti. Sisi tulikuwa na darubini ya kupimia pembe, utepe wa chuma, na mawe ya zamani. Mengine yalikuwa rujm, ya kumwonyesha msafiri njia ya kisima. Mengine yalikuwa ya mpaka, nayo aghlabu yalichongwa msalaba, yaani mistari miwili iliyokatana; si mambo ya dini. Tabu yake, hata ya njia pengine yalichongwa hivyo hivyo.

Mwaka wa tatu msimamizi wangu akanituma Al Qabil peke yangu. Nje ya mashamba ya mitende nikakuta jiwe la msalaba, na kando yake mzee mmoja, Mzee Salim, anachunga mbuzi. Nikamuuliza kwa Kiarabu changu, nani kaliweka na la nini. Akajibu kwa ufupi, huku akimfukuza mbuzi. Nikasikia "hadd", mpaka. Nikaandika: mpaka. Ramani ikatiwa saini, na malisho ya nyuma ya jiwe yakawa ya jirani yake.

Nikahamishiwa Sur, kisha Nizwa, nikaoa huko. Siku moja mlango uligongwa, mke wangu akenda kufungua. Nikamuuliza, "Nani?"

"Ma had," akasema. Hapana mtu.

Nikabaki na kikombe mkononi. Yule mzee alisema lipi, "hadd" au "ma had"?

Kesho yake nikamwendea mkurugenzi wetu, nikamweleza. Akaniuliza, "Ulisikia nini hasa?"

"Sijui, bwana. Siku ile nilidhani najua."

"Basi niletee shahidi."

Nikaenda Al Qabil. Mzee Salim keshafariki. Binti yake, Zuwena, mtu mzima sasa, akanitilia kahawa.

"Baba yako akisemaje juu ya lile jiwe?"

"Akisema serikali imeamua ni mpaka. Tangu hapo hakuvusha mbuzi."

"Na kabla?"

"Kabla akivusha. Lakini na jirani akivusha wake huku. Hapana aliyeuliza." Akanitazama. "Jirani keshajenga pale, ammi. Unataka nini?"

"Radhi yako."

"Kama ulikosea, nimekusamehe. Ulikosea?"

Nikamaliza kahawa, nikaaga.

Wiki yangu ya mwisho kazini nilitia karatasi katika faili lile: "Sina hakika na jiwe hili." Mkurugenzi akaisoma mara mbili. "Faili halina pahala pa maneno haya," akasema. Lakini hakuitoa.

Sasa nimestaafu. Wapimaji vijana wakija kunipa shikamoo, huwaambia: ukisikia neno, mrudishie mwenyewe, akubali kuwa ndilo alilosema. Wao huitikia kwa kichwa, na mimi sijui kama wamenielewa.

Mwezi uliopita nilimpigia simu Zuwena, nikampa habari ya ile karatasi.

"Umefanya vizuri, ammi," akasema. "Lakini bado hujanijibu."