Kitabu Tulichokifungua Upande Wetu

Jumanne iliyopita pikipiki ilisimama mbele ya baraza yangu hapa Kasongo, na mwanamke akashuka nyuma ya dereva akiwa mwekundu kwa udongo toka viatu hadi nyusi. Alikuwa ametoka Kabambare, siku tatu njiani, maana ile njia unaijua mwenyewe, tunaiita barabara kwa kuihurumia. Kitambaa cha kichwa alikuwa amekifunga chini ya kidevu, kikakauka pamoja na matope yake, na vidole vilikuwa vimekakamaa kwa kushikilia safari nzima. Nikamwambia, "Ikaa hapa, mama, nikufungue." Macho yangu yamechoka, lakini vidole bado vinajua fundo. Lilipolegea akasema, "Bibi, mie ni Mwamini. Mutoto wa Mwavita."

Nikakaa na mimi. Mwavita ni mtoto wa dada yangu. Na dada yangu ndiye aliyekuwa Mwamini wa kwanza.

Yule mjukuu akatoa kitu kilichofungwa ndani ya kipande cha kitenge. "Mama amekufa mvua zilipoanza," akasema. "Alisema hii ifike kwako, kwa mikono." Nilikipapasa juu ya kitambaa, nikakuta ile pembe iliyotafunwa na panya, nikajua ni kitabu gani. Sikukifungua. Nilikiweka chini ya mto, kikakaa siku nne. Utaniambia siku nne ni nyingi. Rafiki yangu, kitu kile nimekibeba moyoni toka utoto wangu mpaka leo nina vitukuu. Siku nne ni nini?

Wacha nikueleze kilitoka wapi.

Ilikuwa wakati wa Mbeleji, Wabelgiji walipotutawala. Nilikuwa na miaka kumi hivi, hakuna aliyeandika siku niliyozaliwa. Mama na baba walishinda kwenye shamba la pamba, ile pamba ya kulazimishwa, wakarudi jua likizama na mgongo umekunjika. Sisi watoto tulikuwa wa bibi. Kazi yetu ilikuwa kutwanga mpunga, kupepeta, kuchuma sombe, yale majani ya muhogo, na kukaanga karanga kwa mchanga wa moto, ile harufu yake inaingia mpaka kwenye nywele. Bibi aliuza karanga sokoni. Alizifunga kwa majani ya mgomba, na jambo hilo lilimuumiza, kwa sababu mwenzake wa upande wa pili alifunga za kwake kwa karatasi.

Jirani yetu alikuwa mpishi wa Mzungu wa pamba. Siku moja akaja na kasha kichwani, jasho linamtoka.

"Bibi, iko karatasi humu. Mingi sana. Nyumba yangu inavuja, itaoza bure."

"Karatasi ya nani?"

"Ya Madamu. Amerudi kwao Ulaya na bwana yake, pamba imewashinda."

"Umeiba?"

"Walahi, amenipa mwenyewe, na kasha lake."

"Na weye unataka nini?"

"Ile jogoo yako inayolia kwenye dirisha langu."

Bibi akacheka. "Weye hutaki jogoo. Unataka usingizi."

Jogoo akaenda, kasha likabaki. Bibi akafungua, ndani si karatasi, ni vitabu, vimepangwa kama matofali. Nyumba yetu ilikuwa ya Waislamu, na kwetu kitu kilichoandikwa hakitupwi ovyo, hakikanyagwi. Bibi akaogopa. Akaniagiza nimwite mwalimu wa chuo, yule aliyetufundisha Kurani mimi na dada yangu. Mwalimu alikuja na fimbo yake, akaketi, akapekua kimoja kimoja. Vitatu vilikuwa na msalaba. Akaviweka pembeni: "Hivi ni vya watu na Mungu wao. Mpelekeeni katekista kule ng'ambo, kwa adabu." Vingine akavitazama, akapumua. "Haya ni maneno ya watu tu. Maneno ya watu yanaweza kufunga karanga."

Kesho yake bibi akaanza kuchana. Sikulia mbele yake, alikuwa mkali, lakini aliona midomo yangu inacheza. Akasema, "Basi tafutia kila kimoja kazi. Chenye kazi kibaki. Kisicho na kazi ni changu."

Ndiyo kazi niliyoifanya msimu ule wote wa kiangazi, baada ya kutwanga. Kifaransa sikukijua, herufi zao sikuzijua. Nilijua za Kiarabu peke yake, za chuoni. Lakini picha hazina lugha.

Kulikuwa na kimoja kidogo chenye kurasa ngumu kama ubao, ng'ombe na bata ndani yake. Hicho bibi hakuweza kukikunja hata akitaka. Nikampelekea mtoto wa jirani, Amisi, aliyekuwa anaota meno. Alikisoma kwa ufizi. Kimoja kilikuwa cha ndege, na mzee aliyelinda bwawa la samaki akawatambua karibu wote, akawaita kwa Kizimba, lugha ya kwao, akamkasirikia Mzungu kwa kumsahau mmoja. Kimoja kilikuwa cha magauni. Wanawali wa mtaa wetu walikuja kukitazama, Sifa, Tausi, Bitondo, yule Feza mwenye mwanya. Majina yote ninayo, ni wenyewe ndio hawapo. Kilikuwa kitabu cha siku ya furaha, ukikifungua siku ya huzuni kinakuongezea. Kimoja kilikuwa cha vyakula, keki ndefu kama mnara, na mwalimu alikikataza mchana wote wa Ramazani baada ya kukuta wavulana wawili wamekiinamia wanameza mate.

Kulikuwa na cha udaktari pia. Kina mifupa, na matumbo, na kwenye ukurasa mmoja mtoto amejikunja ndani ya mama yake kama korosho. Hicho wamama walikiomba kwa sauti ya chini. Walikaa nyuma ya jiko, wakatazama, wakafunika.

Na kulikuwa na kikubwa kisicho na picha hata moja. Nilijua kitakuwa cha kwanza kuwa karanga. Lakini jioni moja nikamkuta bibi amekiweka mapajani, amerudi sokoni, miguu imevimba, anafunua ukurasa baada ya ukurasa, polepole, kama mtu anayechambua mboga. "Iko na nini ndani, bibi?" Akasema, "Haina kitu. Ndiyo maana ninapumzika." Kikabaki. Kilikuwa cha waliochoka. Leo ningekitaka mimi.

Cha mwisho ndicho hiki nilichokiweka chini ya mto. Chembamba, maneno machache sana, picha ni moja kila ukurasa. Kina msichana mwenye valizi ndogo ya safari na kitambaa cha shingoni. Nilikifungua kama tulivyofundishwa kufungua kitabu chochote, kutoka kuliani, kama Msahafu unavyofunguliwa. Wala sikujua kuna watu wanaofungua vingine. Picha ya kwanza: msichana yuko kwenye nyumba ya wageni, anatazama mvua dirishani. Kisha yuko kwenye mashua. Kisha kwenye njia ya miti mirefu. Kisha darajani, na mbwa. Na ya mwisho: mlango, na mama ameinama mbele yake, mikono yote miwili kwenye kile kitambaa cha shingoni, anamfungua, maana amefika nyumbani. Nilikipenda kuliko vyote. Sikukitafutia kazi, nilikificha.

Kazi yake ilikuja yenyewe.

Baba alikuwa amempa neno mtu mmoja wa Kabambare, mwenye duka, amuoe dada yangu. Hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Lakini Mwamini alikuwa hajawahi kulala mbali na mama hata mara moja, na Kabambare kwetu ilikuwa kama mwisho wa dunia. Akagoma kula. Alilala akiangalia ukuta, akasema wakimpeleka atakimbilia Nyangwe kwa wajomba, avuke mto asionekane tena. Mama alimbembeleza, bibi akamgombeza, wapi. Siku ya tatu baba akarudi shambani amechoka, akasema wote tukimsikia, "Akikataa mpaka Ijumaa, nitawaambia hapana. Siwezi kumufunga mutoto kama mbuzi."

Unasikia? Ilibaki siku moja tu. Angegoma siku moja zaidi, angebaki.

Alhamisi nikaenda kwake na kitabu, kwa yaya, dada yangu mkubwa. Sikutumwa. Nilitaka tu acheke, na labda nilitaka kuonekana mkubwa. Nikamfungulia, nikamwonyesha. "Tazama, yaya. Huyu naye yuko kwa wageni. Mvua inanyesha, hana mutu. Lakini tazama, anapanda mashua. Anapita miti. Anavuka daraja. Na hapa mama yake anamufungua kitambaa. Anayekwenda anarudi, kitabu kinasema."

Akakichukua. Alikuwa na macho makali, Mwamini. Akauliza, "Mbona anatembea uso ukiwa kule kwa wageni?" Kweli, kwenye kila picha msichana alielekea alikotoka, si anakokwenda. Nikafikiri haraka. Nikasema, "Anaaga. Mutu mwenye adabu anaaga akirudi kinyumenyume."

"Njia yote?"

"Ana adabu sana."

Akacheka, mara ya kwanza toka siku zile. Kisha akasema ana njaa. Nikakimbia jikoni kama mtu aliyeshinda vita. Alikula wali na samaki wa Nyangwe, na Ijumaa akamwambia baba atakwenda. Alipopanda lori la mizigo, kitabu kilikuwa kifuani pake. Bibi akaniambia, "Hicho umekipatia kazi." Nilivimba kwa sifa.

Mwaka wake wa pili kule, hapa walifungua nyumba ya kushonea, ya wasichana na wamama. Asubuhi sindano, mchana herufi. Ndiyo shule yangu yote, miezi mitano. Siku ya kwanza mwalimu wa kike akanipa kitabu, nikakifungua kuliani. Wenzangu wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Tazama Nyota, anaingia nyumba kwa mlango wa choo!" Mwalimu hakucheka. Akakigeuza mikononi mwangu, akanionyesha: mwanzo ni huku, kushoto.

Wakaendelea na a, e, i. Mimi nilikuwa mbali. Nilikuwa ninakipanga upya kichwani kile kitabu cha Mwamini. Mlango, na mama ameinama. Hamfungui kitambaa. Anamfunga. Kisha mbwa, daraja, miti, mashua. Kisha nyumba ya wageni na mvua, na hapo kinaisha. Ndiyo maana uso ulielekea kule.

Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani, na nani angemfikishia, na ya nini? Nilijiambia atakuja mwenyewe akijifungua mtoto wa pili, kama alivyoagiza kwa dereva wa lori, nitamwambia hapo, tutacheka. Mtoto wa pili ndiye aliyemchukua, na mwenyewe hakuishi. Habari ilifika kwetu wamekwisha kuwazika. Mwavita, wa kwanza, alikuwa hajaanza hata kutembea. Akalelewa na mama wa yule mwenye duka. Mama yangu alilia mpaka sauti ikamtoka. Mimi nilitwanga mpunga. Nilitwanga mpaka bibi akaninyang'anya mchi.

Kisha ikaja uhuru, zikaja vita, njia ikafa, ikafufuka, ikafa tena. Nikazaa, nikazika. Na kila nilipomwona mtoto ameinamia kitabu, nilisikia moyoni, angegoma siku moja tu.

Jumamosi yule mjukuu alitaka kuondoka. Nikatoa kitabu chini ya mto, nikampa yeye. "Nifungulie. Macho yangu mabovu." Uongo. Niliogopa.

Amesoma, huyu, anafundisha watoto kule Kabambare. Akakiweka mapajani, akafungua kutoka kuliani, bila kufikiri.

Nikamuuliza, "Weye uliyesoma, mbona unafungua upande ule?"

"Vitabu vingine nafungua kushoto, bibi. Hiki iko na upande wake. Kwetu kila mutoto anajua. Aliyemulea mama alifundishwa na bibi yangu mwenyewe, na mama akatufundisha." Kisha akasogeza kidole. "Na hapa iko maandiko. Ni herufi za kizamani, hakuna anayezijua tena kwetu."

Nikavaa miwani. Ilikuwa juu ya picha ya mvua, wino wa masizi ule wa chuoni, umefifia kama maji ya chai, mkono wa Mwamini na herufi zake zinazopanda juu. Herufi zile zilikuwa za kwanza kwangu, hazijanitoka. Aliandika Kiswahili chetu: *Nyota, mke wa karani wa huku amenionyesha wanakifungua wapi. Nimekasirika siku mbili. Sasa mimi nakifungua upande wetu.*

Nilisoma mara tatu. Mjukuu akauliza inasema nini, nikamwambia ni salamu.

Sokoni sasa karanga zinafungwa kwa mifuko ya plastiki. Kasha lililiwa na mchwa, kile kitabu cha waliochoka kikiwa ndani yake. Mpishi, mwalimu, mzee wa ndege, wote chini. Nikienda mimi, hapa kwetu hatabaki wa kusoma mstari ule, na kuandika huku kumenichosha, mkono unauma.

Jumamosi ile nikamwambia huyu Mwamini afunue polepole. Mvua, mashua, miti, daraja, mbwa. Alipofika kwenye mlango nikaweka mkono juu ya ukurasa, nikamwambia asiondoke leo, kesho itatosha.