Fundi Aliyejaza Betri kwa Sikio

Mtaa mzima unamwita Chongo, naye anaitika. Fundi betri, jicho moja, na ukimuuliza la pili liko wapi anakwambia limeenda matembezi.

Matembezi gani. Miaka minane nyuma betri ilikuwa imetoka kwenye chaja, inachemka, yeye akawasha kiberiti aone maji yamefika wapi. Gesi ya betri ikashika moto, asidi ikamrukia usoni. Tangu siku ile haangalii ndani ya betri, hata umfanye nini. Anafungua vifuniko sita, anageuza uso ukutani kama mtoto anayechomwa sindano, anamimina maji huku anasikiliza. Tundu likiwa kavu, maji yanalia mbali. Likikaribia kujaa, sauti inapanda. Hapo anakata. Hajawahi kufurikisha.

Juzi dereva teksi kaja kuchukua betri yake, bado ya moto pale kwenye benchi. Jirani mchomeleaji naye kawasha grenda. Chongo kamimina kidogo, hasikii kitu. Akaacha.

"Fundi, abiria wananingoja. Si uchungulie tu?"

"Subiri grenda inyamaze."

"Mwanaume mzima unaogopa maji?"

Jasho likamtoka Chongo. Akainama. Hilo hilo jicho moja akalisogeza polepole, kama mtu anayeingiza kichwa kwenye mdomo wa mamba. Ndani giza tupu.

"Huoni? Ngoja nikumulikie," dereva akasema, akachomoa kiberiti cha gesi.

 Chongo akaurukia ule mkono, akaubana kifuani kwake pamoja na kiberiti, mpaka dereva akaguna kwa maumivu. Kilikuwa hakijawaka.

"We una wazimu?"

Chongo hakuuachia. Akaupandisha usoni, akamgusisha kidole pale palipokuwa na jicho. "Hili nililiwashia kiberiti mwenyewe, kaka. Na wewe unataka tufanane?"

Akamwachia. Dereva akakitupa kiberiti mtaroni.

Grenda ikanyamaza. Matundu matano yakajaa, baadhi yakifurika. La sita Chongo hakulisikia kabisa. Moyo wake ulikuwa unapiga kelele kuliko grenda.

"Nisikilizie wewe," akasema.

Dereva, yule yule wa "abiria wananingoja", akageukia ukuta, akafumba macho yote mawili, akatega sikio.

"Bado… bado… inapanda, fundi. Kata."