Refa Aliyesahau Magoli

Mustapha alipouza duka lake la vitambaa pale Miembeni, Bukoba, watu walidhani atapumzika kidogo, kisha atapata la kufanya. Hakupata. Mkewe alikuwa ameshafariki, na bintiye Shamsa, kwa mapenzi mema, alimnunulia kiti cha kuegemea na runinga kubwa. Mzee akakaa. Haukupita mwaka akaanza kusahau. Viatu vilikutwa kwenye friji. Jirani alisalimiwa mara mbili kabla hajamaliza kupita. Siku moja aliswali Adhuhuri, akanywa chai, kisha akatandika mswala aswali Adhuhuri ileile. Shamsa alipomwambia, akajibu kuwa Mungu hawezi kukasirika kwa kuongezewa.

Shamsa alicheka, halafu akaenda jikoni akalia. Akampeleka hospitali. Daktari alimpima mzee, akamwandikia dawa za presha, kisha akasema kile kiti kiondolewe. Alieleza kwamba ubongo unataka damu inayokwenda mbio na watu wa kubishana nao. Atembee, akae na wenzake. Kwamba atapona, hakuahidi.

Habari zilimfikia rafiki yake wa siku nyingi, Protase, mkulima wa kahawa wa Nshambya na nahodha wa timu ya wazee wa huko. Kila Jumamosi walicheza na wazee wa Miembeni kwenye kiwanja karibu na ziwa, na walioshindwa ndio walionunua sato wa kuchoma. Refa wao alikuwa amehamia Mwanza. Protase akaja na mkungu wa ndizi begani, akamwomba Mustapha awapulizie kipenga. Shamsa alimshukuru mpaka Protase akaona aibu. Hakujua kwamba Protase, pamoja na huruma yake yote, alikuwa amewaza na jingine: refa asiyekumbuka magoli ni mali.

Katika mechi ya kwanza, kipindi cha pili, Mustapha alisimama katikati ya uwanja akauliza ni ngapi kwa ngapi. Protase, kwa sauti ya mtu anayetoka kuungama, akamwambia Nshambya wanaongoza mbili kwa moja. Ilikuwa kinyume chake. Miembeni walipiga kelele, lakini refa alikuwa ameshatangaza, na Nshambya wakala samaki wa bure.

Miembeni nao hawakulala. Nahodha wao Najibu, fundi baiskeli, aligundua kwamba mzee hushika lile aliloambiwa mwisho. Basi watu wakaacha kuukimbilia mpira, wakawa wanamkimbilia refa. Huyu anamkumbusha goli ambalo halikufungwa, yule anamdai penalti ya wiki iliyopita. Mustapha, ili awaponyoke, alikimbia. Wakamfuata. Alikimbia kuliko mchezaji yeyote, huku akibishana kulia na kushoto, huku akijitahidi kumtofautisha Datius na Mujuni, ambao wote walikuwa na vipara. Mechi ikiisha walikaa kwenye majani na samaki wao, ubishi ukaanza upya. Katikati ya wiki yalikuwepo mazoezi, na mzee akawa anakwenda kwa miguu, kwenda na kurudi.

Aliyeona mabadiliko kwanza ni Shamsa. Jioni moja baba yake alisema mchuzi una chumvi kuliko wa jana. Shamsa akabaki na mwiko mkononi, maana kwa muda mrefu jana haikuwepo katika nyumba ile.

"Usimwambie mtu wa uwanjani," Mustapha akamwambia.

"Kwa nini, Baba?"

"Wananiambia mambo mazuri sana."

Na kweli walimwambia. Kwa kuwa walijua atasahau, walimmwagia kila kitu. Protase alimweleza kwamba lile goli lake la siku ya mvua alifunga kwa mkono. Najibu alikiri kusogeza mawe ya goli. Datius alisema goti lake ni zima kabisa, ila akilisifia mbele ya mkewe atapewa jembe. Mustapha alitikisa kichwa kwa upole, akayahifadhi yote. Tangu aache duka hakuwahi kubembelezwa na watu wengi kiasi kile, na aliona raha.

Ndipo wakaalikwa Muleba. Siku hiyo Nshambya na Miembeni waliunda timu moja, na refa wakaenda naye wao. Lakini umbea juu ya refa msahaulifu ulikuwa umewatangulia. Dakika za mwisho, Lwakatare, mwalimu mstaafu aliyekuwa nahodha wa Muleba, alimkuta Protase ameshafika sikioni kwa refa.

"Tatu kwa mbili, tunaongoza sisi," Protase alikuwa akisema.

"Waitu, ndugu yetu, tatu kwa mbili ni kweli," akasema Lwakatare kwenye sikio la pili, "ila ni sisi."

Mustapha akapuliza kipenga cha mwisho.

"Mbili kwa mbili," akasema. "Na lile la mkono, Protase, la siku ya mvua, nalo sijalisahau."

Protase aliketi kwenye majani. Akauliza, ameanza kukumbuka tangu lini. Mustapha akamjibu, tangu msimu wa kahawa.

Ndani ya gari wakati wa kurudi kila mmoja alipekua moyoni aliyowahi kuyasema. Datius alimwomba Mustapha waongee pembeni. Kabla ya kufika Bukoba walikuwa wamemwondoa Mustapha kwenye urefa kwa kura, na ilikuwa mara ya kwanza kwa Nshambya na Miembeni kukubaliana jambo. Kipenga alipewa Edvina, mke wa Protase, ambaye hata nyumbani hadanganyiki. Mustapha aliingizwa beki ya Miembeni. Huanguka mara kwa mara, na huwalaumu wenzake.

Bado husahau. Wajukuu huwachanganya majina, na kuna Ijumaa alikwenda msikitini na viatu visivyofanana. Shamsa alimuuliza daktari ni kipi kimesaidia, mbio au mazungumzo, naye akasema hawezi kuvitenganisha. Mustapha akadakia kwamba kilichosaidia ni uongo wa wenzake: mtu anayedanganywa na timu mbili lazima awe macho. Daktari akauliza ni akina nani hao. Mzee akaanza kuwataja, mmoja mmoja, na makosa ya kila mmoja, na daktari, ambaye nje alikuwa na foleni, hakumkatiza.